Kamera na Laptopu ya Ubuntu: Hamisha Picha za Mzigo Bila Kupoteza Hata Moja

Somo la leo ni la wale wanaouza mtandaoni, wanapiga picha za mzigo kwa kamera ya kidijitali, na laptopu yao ina Ubuntu au Linux Mint badala ya Windows.

Stori huwa iko hivi. Umenunua laptopu ya mtumba, Windows ikawa nzito, mtu akakuwekea Ubuntu kwa sababu ni ya bure, haidai leseni, na kwenye mashine ya zamani inakwenda bila kulia. Baadaye unapata kamera, nayo ya mtumba. Unachomeka waya, unatafuta ile CD ya kwenye boksi, CD inagoma. Ukiuliza unaambiwa, "Hiyo Ubuntu haikubali kamera, rudisha Windows." Na kurudisha Windows ni hela.

Sio kweli. Kamera na Ubuntu zinaelewana vizuri tu, na kuunganisha ni kazi ya dakika tano. Mahali watu wanapopoteza hela ni baada ya kuunganisha: wanafuta kadi haraka, au picha za leo zinafunika za juzi. Kama unauza pisi moja moja, picha ndiyo duka lako. Picha ikipotea, ile pisi inakaa ndani. Picha ikichanganyika, mteja anapokea kitu ambacho hakukiagiza, na nauli ya boda ya kurudisha mzigo unailipa wewe.

Kwa hiyo leo tunajifunza vyote viwili, kuunganisha na kutunza. Twende kazi.

1. KWA NINI HUHITAJI ILE CD

CD ya kamera ilitengenezwa kwa ajili ya Windows na Mac. Kwenye Linux kazi hiyo imeshafanywa. Kamera nyingi huongea na kompyuta kwa lugha moja ya pamoja inayoitwa PTP, haijalishi ni Canon, Nikon au Sony. Ubuntu na Mint zinakuja na kifurushi kinachoitwa libgphoto2 ambacho kinaijua lugha hiyo, na orodha ya kamera zinazotambuliwa inapita 2,000. Kimetengenezwa na watu wanaogawa kazi yao bure, kama Linux yenyewe ilivyoanza mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi huko Finland.

Kwa hiyo mtu akikuambia ulipie "draiva ya kamera" kwenye Ubuntu, mshukuru kisha rudi nyumbani na laptopu yako.

2. NJIA YA WAYA

Fuata mpangilio huu:

Kwanza, hakikisha betri ya kamera ina chaji ya kutosha. Betri ikikata katikati, kazi inaishia njiani na hujui umekopi mpaka wapi.

Pili, kamera ikiwa imezimwa, chomeka waya upande wa kamera, halafu upande wa laptopu. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishie kwenye kile kigawanyio cha matundu mengi.

Tatu, washa kamera. Subiri kidogo.

Nne, fungua programu ya mafaili, ile yenye alama ya folda. Upande wa kushoto utaona jina la kamera yako limejitokeza. Bofya. Ndani utakuta folda inayoitwa DCIM, na ndani yake folda nyingine, mfano 100CANON kwa Canon au 100MSDCF kwa Sony. Picha zako ziko humo.

Tano, chagua zote kwa Ctrl na A, kopi kwa Ctrl na C, nenda kwenye folda uliyoandaa ndani ya laptopu, bandika kwa Ctrl na V. Basi.

Ushauri: usifungue picha na kuanza kuihariri ikiwa bado iko ndani ya kamera. Itakuwa nzito, na ukihifadhi inaweza kugoma. Kopi kwanza, hariri baadaye.

3. NJIA YA MEMORI KADI

Hii ndiyo ninayoipenda mimi. Toa kadi kwenye kamera (zima kamera kwanza), iweke kwenye tundu la laptopu au kwenye kadi rida, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB. Kadi itatokea kama fleshi ya kawaida. Faida zake ni tatu: hutumii betri ya kamera, mara nyingi inakopi haraka zaidi, na kamera ambayo tundu lake la waya limekufa bado inakuingizia hela.

Mambo mawili ya kujua hapa.

La kwanza, kadi za GB 64 na kuendelea hutumia mpangilio unaoitwa exFAT. Ubuntu za miaka ya karibuni zinausoma bila shida. Kama yako ni ya zamani, mfano 18.04, na kadi inakataa kufunguka, unganisha intaneti, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja ili lije lile dirisha jeusi la kuandika amri, halafu andika:

sudo apt install exfat-fuse

La pili, wale wanaopeleka kadi steshenari au kwenye kompyuta za watu wanajua ile hali ya kurudi nyumbani na kukuta folda zimegeuka kuwa vishale vidogo na picha hazionekani. Hao ni virusi wa Windows, wanazificha folda zako. Chomeka kadi hiyo kwenye Ubuntu. Mara nyingi picha utaziona ziko palepale, kwa sababu Ubuntu haifuati ile alama ya "ficha" ya Windows. Kopi picha zako tu, hivyo vishale usiviguse, halafu kadi ifomati ndani ya kamera.

4. KAMERA HAIONEKANI? KAGUA KWA MPANGILIO

Usianze kubadilisha kila kitu kwa wakati mmoja. Nenda hatua kwa hatua.

Waya. Huyu ndiye wa kumshuku kwanza. Kuna waya za bei chee ambazo ni za chaji tu, hazipitishi data. Kamera inaweza hata kuonyesha inapokea umeme lakini laptopu haioni kitu. Jaribu waya mwingine. Angalia pia tundu: kamera nyingi za zamani hutumia mini-USB, sio micro-USB ya simu. Na baadhi ya kamera ndogo za Nikon na Sony zina tundu la kipekee, waya wa kawaida hauingii. Usilazimishe.

Je, laptopu inaiona? Fungua lile dirisha jeusi na uandike:

lsusb

Itakuja orodha ya vitu vyote vilivyochomekwa. Kwa Canon tafuta namba 04a9, kwa Nikon 04b0, kwa Sony 054c. Namba ikiwepo, waya ni mzima na tatizo liko kwenye mipangilio. Namba isipokuwepo, rudi kwenye waya, tundu, au kamera yenyewe.

Mipangilio ya kamera. Kwenye Sony, na kwenye baadhi ya Nikon za zamani, kuna sehemu ya menyu inayohusu USB ambapo unachagua kamera ijitambulishe vipi. Utakuta "Mass Storage", yaani ijifanye fleshi, au "PTP" au "MTP". Kama moja haikubali, jaribu nyingine. Kwa Sony epuka "PC Remote" kama unataka kukopi picha tu. Na kwenye baadhi ya Canon zenye Wi-Fi, Wi-Fi ikiwa imewashwa waya haufanyi kazi. Izime.

Kamera kulala. Kamera nyingi hujizima zikikaa dakika moja au mbili. Ikilala, laptopu inaipoteza. Nenda kwenye menyu, ongeza muda wa kujizima.

Ujumbe wa "Could not claim the USB device". Huu unatokea pale programu mbili zinapoigombania kamera moja. Programu ya mafaili imeshaishika, halafu wewe unafungua programu nyingine ya picha. Dawa yake: kwenye programu ya mafaili bofya kile kipembetatu kilicho pembeni ya jina la kamera ili iiachie, au andika:

gio mount -s gphoto2

Halafu rudi kwenye programu yako, ujaribu tena.

Ukipita hapa kote na bado imegoma, toa kadi, tumia kadi rida. Mteja anasubiri picha, hasubiri stori ya waya.

5. MAJINA YA PICHA: HAPA NDIPO HELA INAPOTEA

Hapa naomba usome taratibu.

Kamera haijui unauza nini. Inaipa picha namba tu: Canon itaandika IMG_0012, Nikon DSC_0012, Sony DSC00012. Na hizo namba zina mwisho. Zikifika 9999 zinaanza upya. Mbaya zaidi, kwenye menyu kuna mpangilio wa kuhesabu namba. Ukiwa kwenye kuanza upya, kila ukifomati kadi kamera inaweza kuanza tena 0001.

Sasa fikiria. Jumatatu IMG_0012 ni raba nyeupe namba 42. Umekopi, umefomati kadi. Alhamisi umepiga mzigo mpya, IMG_0012 sasa ni sandali ya kike. Unabandika kwenye folda ileile. Ubuntu inakuuliza kama ubadilishe faili lililopo, kuna kitufe cha "Replace". Una haraka, unabonyeza ndiyo kwa zote. Raba imeondoka. Haijaenda hata kwenye kapu la takataka, imefunikwa moja kwa moja. Na kama kwenye daftari lako la oda uliandika "picha namba 12", mteja wa raba anafungiwa sandali.

Kinga zipo tatu, zifanye zote:

Moja, badilisha mpangilio wa kamera. Kwenye Canon tafuta "File numbering" uweke "Continuous". Kwenye Nikon ni "File number sequence", weka "On". Kwenye Sony ni "File Number", weka "Series". Hapo namba zitaendelea hata ukifomati kadi.

Mbili, kila siku ya kupiga picha iwe na folda yake mpya. Anza na mwaka, mwezi, tarehe, halafu mzigo. Mfano: 2025-06-14-raba. Ukianza na mwaka, folda zitajipanga zenyewe kwa mpangilio wa tarehe, na mteja akikuuliza mzigo wa mwezi uliopita unaupata bila kuhangaika.

Tatu, ukiulizwa "Replace" na hujui kwa nini umeulizwa, jibu ni hapana. Simama, tengeneza folda mpya, bandika humo.

Kama una picha nyingi kila wiki, kuna programu ya bure inaitwa Rapid Photo Downloader. Inakopi kutoka kwenye kamera au kadi, inabadilisha majina kwa tarehe na saa, na inaweza kuweka nakala ya pili kwenye diski ya nje hapohapo. Kuiweka ni:

sudo apt install rapid-photo-downloader

6. KADI INAFUTWA LINI?

Kanuni ya dukani kwangu ni moja: kadi haifutwi mpaka picha ziwepo sehemu mbili. Laptopu ni sehemu ya kwanza. Fleshi, diski ya nje, au hifadhi ya mtandaoni ni sehemu ya pili. Laptopu ya mtumba inaweza kufa asubuhi bila kukuaga, na ikifa na picha zako, kadi tupu haikusaidii.

Kabla ya kufuta, hakiki mambo matatu. Hesabu mafaili kwenye kadi na kwenye folda yako, idadi ilingane. Angalia ukubwa wa folda zote mbili, ulingane. Halafu fungua picha ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, uone kweli zinafunguka mpaka chini, hazijakatika nusu.

Baada ya hapo, bofya kipembetatu cha kuachia kadi, itoe, irudishe kwenye kamera, na ufomati kwa menyu ya kamera yenyewe. Usifute kwa kutumia laptopu. Kuna sababu: ukifuta picha ya kwenye kadi ukiwa Ubuntu, mara nyingi haiondoki, inahamia kwenye folda ya takataka iliyofichwa humohumo kwenye kadi. Ndiyo maana mtu anafuta picha 300 halafu kamera inamwambia kadi imejaa. Sio ushirikina, ni takataka hazijamwagwa.

7. PUNGUZA UZITO KABLA YA KUPOSTI

Picha moja ya kamera ya megapikseli 18 inaweza kufika MB 6. Ukimtumia mteja picha kumi umemlia bando, na wewe umejila lako. Kwa posti na WhatsApp huhitaji ukubwa wote huo.

Weka programu hii mara moja tu:

sudo apt install imagemagick

Halafu ingia kwenye folda ya picha za siku hiyo, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi sehemu iliyo wazi, chagua "Open in Terminal", andika mistari hii miwili:

mkdir ndogo
mogrify -path ndogo -resize 1600x1600 -quality 85 *.JPG

Picha zote za folda hiyo zitatengenezewa nakala nyepesi ndani ya folda inayoitwa "ndogo". Upande mrefu unakuwa pikseli 1600, umbo halivurugiki, raba haiwi pana kama bata. Zile za asili zinabaki kama zilivyo.

Angalizo mbili. Usisahau hiyo sehemu ya "-path ndogo". Ukiiacha, amri hii inabadilisha picha za asili zenyewe na hazirudi. Pia Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo: kama picha zako zinaishia na .jpg, andika *.jpg.

8. PIGA PICHA HUKU UNAONA KWENYE LAPTOPU

Hii ni kwa wale wanaotaka kupanda ngazi. Kioo cha kamera ni kidogo, unaona picha safi, ukifika kwenye laptopu unakuta lebo haisomeki. Kwa kamera kubwa nyingi za Canon na Nikon unaweza kuiacha kamera kwenye stendi, imechomekwa kwenye laptopu, na kila picha ikatokea kwenye kioo kikubwa palepale. Weka programu:

sudo apt install gphoto2

Kuona kama kamera yako imetambuliwa:

gphoto2 --auto-detect

Kupiga picha na kuileta kwenye laptopu:

gphoto2 --capture-image-and-download

Kama hupendi kuandika amri, Entangle ni programu yenye madirisha na vitufe inayofanya kazi hiyohiyo. Sio kila kamera inakubali kupigishwa kwa waya, hasa zile ndogo za mfukoni, hata kama kukopi picha zinakubali. Na kumbuka: ukipiga kwa njia hii, picha inaweza kuingia kwenye laptopu tu bila kubaki kwenye kadi. Kwa hiyo nakala ya pili fanya siku hiyohiyo.

9. UMEFUTA NA HUKUWA NA NAKALA?

Usipige picha nyingine hata moja kwenye kadi hiyo. Picha iliyofutwa huwa bado ipo mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Itoe kadi, ichomeke kwenye Ubuntu, uweke programu ya PhotoRec:

sudo apt install testdisk
sudo photorec

Itakuuliza kadi ni ipi na picha ziokolewe wapi. Chagua folda ya kwenye laptopu, kamwe usichague kadi ileile. Majina ya zamani hayatarudi, utapata namba ndefu tu, lakini picha nyingi zinaweza kurudi. Ni bure. Ijaribu hii kwanza kabla ya kumlipa mtu.

KWA UFUPI, BANDIKA HII UKUTANI

✅ Chaji betri, au tumia kadi rida
✅ Folda mpya kila siku, kwa tarehe
✅ Kopi, usihamishe moja kwa moja
✅ Hesabu, linganisha, fungua tatu
✅ Nakala ya pili
✅ Achia kadi, ndipo uitoe
✅ Fomati ndani ya kamera

Hatua saba. Zikikuzoea ni dakika kumi kwa wiki.

Kama kamera yako inagoma, andika hapo chini aina ya kamera, toleo la Ubuntu au Mint ulilonalo, na kile ulichokiona baada ya kuandika lsusb. Ukiandika tu "imekataa" hatutajua pa kuanzia. Na wewe ambaye yako imekubali, taja aina yake, itamsaidia mwenzako anayetaka kununua kamera ya mtumba wiki hii.

Mauzo mema.